Kitenzi Kirai «put up with» na Tatizo la Uvumilivu

Mhadhara huu unachunguza kitenzi kirai kimoja cha Kiingereza, put up with, ambacho wanafunzi wengi hukitafsiri kwa neno «vumilia» na kuridhika. Wanaridhika mapema mno.

Kitenzi kirai ni kitenzi kinachoandamana na kielezi au kihusishi, au vyote viwili, vikazaa maana isiyopatikana kwa kujumlisha sehemu zake. Istilahi yake ya Kiingereza ilienezwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925, lakini tatizo ni kongwe: Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kueleza kuwa miundo ya namna hii huwatatiza mno wageni. Katika Othello, tamthilia ya Shakespeare ya mwanzoni mwa karne ya 17, Roderigo anatumia put up peke yake kwa maana ya kunyamazia maovu aliyotendewa. Siku hizi with haibanduki. Ikiondolewa, hubaki kusimamisha hema, kubandika tangazo au kumpa mgeni malazi.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika hisia. Kwa Mswahili, kuvumilia ni sifa. Mvumilivu, tunaambiwa, hula mbivu. Basi shahidi akisema kwa Kiingereza kwamba mwanamke fulani puts up with mumewe mlevi, na mkalimani akatoa «anamvumilia mumewe», mke amekwisha kusifiwa. Msemaji hakukusudia sifa. Alishangaa, pengine alilaumu. Mahakamani tofauti hiyo si ndogo: ushahidi wa mateso huweza kusikika kama ushahidi wa ndoa iliyotulia. Mkalimani asibebeshwe lawama peke yake. Kamusi inayotoa kisawe bila mfano wa matumizi haimsaidii.

Je, «chukuliana»? Neno hili linapendeza kwa sababu limejengwa kwa njia yetu wenyewe: chukua, chukulia, chukuliana. Kazi ambayo Kiingereza hukipa kihusishi, Kiswahili hukipa kiambishi tamati. Hata hivyo, kuchukuliana kunahitaji watu wawili, na mlevi yule hamchukulii mtu.

Wazungumzaji wa kawaida wana ufumbuzi ambao watunga kamusi wameudharau. Husema: «Anamvumilia tu.» Hiyo «tu» huondoa sifa yote, ikaacha uchovu na kukosa la kufanya, yaani maana ileile ya Kiingereza. Anayetunga kidahizo cha put up with aanze na sentensi hiyo, kisha ndipo aandike «stahimili» na visawe vingine.