MANENO YA MWENYEKITI: FUNGUO TATU NA MTOTO NJITI

(Hotuba iliyosomwa siku ya sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, 2015–2025)



 

  Mimi elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mahali mtanisamehe. Mambo ya hisa, mikopo na faida mmekwisha kuyasikia katika taarifa ya Mweka Hazina, sina haja ya kuyarudia. Mimi kamati imeniomba nieleze jambo moja tu, nalo ni kwa nini katiba yetu ina ile ibara ya fedha ya dharura ambayo haikai ndani ya sanduku. Wanachama wapya wamekuwa wakiuliza. Leo nitawaeleza, na itabidi nianzie mbali kidogo.

Mwaka 1991 nilikuwa binti mdogo wa miaka ishirini na moja, mimba yangu ya pili. Wakati ule maji ilikuwa shida kubwa huku juu kwetu. Tulikuwa tunashuka bondeni alfajiri na kupanda mlima na ndoo kichwani. Mimba ikiwa ya miezi saba nikashikwa na uchungu. Nikajifungua nyumbani, mtoto wa kiume, mdogo mno, lakini analia. Bibi zetu walifanya kile walichokijua. Walimwogesha pale pale, wakamfunga kanga, wakamlaza kando ya jiko la makaa. Upande mmoja joto, upande mwingine baridi. Hakuweza kunyonya. Usiku wa pili akanyamaza. Wanawake walimzika asubuhi kimya kimya, hakuwa amepewa jina, na mchana nilitakiwa niendelee kumenya mihogo kama kawaida.

Sikusema neno. Lakini kwa miaka mingi nilijiuliza: ni ile ndoo? Ni ule mlima? Na wapo walioniambia wazi kwamba ndiyo, ni mimi niliyejiua mtoto kwa kutokusikia. Nadhani humu ndani wapo wenzangu waliobeba mzigo kama huo. Ninawaona. Sitawataja.

Sasa tuje mwaka 2018. Kikundi kilikuwa na miaka mitatu. Mnakumbuka msimu ule wa korosho. Minada ilikwama, wakulima wamekataa bei ndogo, korosho zimo ghalani na mfukoni hakuna kitu. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itazinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kuzibeba. Lakini hela zenyewe wengi tulizisubiri sana. Basi katikati ya ukame ule wa fedha, usiku, binti yangu mimba ya wiki thelathini na moja, chupa ya maji ikapasuka.

Mkwe wangu alikuja kunigongea. Zahanati walimwangalia wakasema, "Mama, huyu asizalie hapa. Mpelekeni hospitali sasa hivi, mtoto akiwa bado tumboni." Usafiri ni juu yenu. Mwenye pikapu anataka hela mkononi, na hata mafuta hana.

Jamani, hela ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya sanduku letu, mfuko wa jamii, tunaochangia kila wiki kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Sanduku lilikuwa nyumbani kwa Mweka Hazina. Lakini mnajua sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Wawili walifika usiku ule ule, hata viatu hawakuvaa. Wa tatu alikuwa msibani Masasi, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Wenzangu wakasema, "Mwenyekiti, tuvunje kufuli. Ni mtoto huyu." Mmoja alikwisha shika shoka. Nami nikakataa.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Miezi miwili nyuma mwanachama mmoja aliomba tufungue sanduku nje ya mkutano kwa shida yake, nami ndiye niliyesimama nikasema katiba hairuhusu. Leo nivunje kwa ajili ya binti yangu? Kesho nani atanisikiliza? Niliacha sanduku, nikabeba cherehani yangu, nikaenda kumgongea mwenye duka, nikaiweka rehani. Tulipata gari, lakini saa mbili nzima zilikwisha kupotea. Njiani kila gari lilipotumbukia shimoni binti yangu alinishika mkono, nami nilikuwa nikihesabu zile saa mbili.

Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Kulinda katiba ni vizuri. Lakini kama mjukuu wangu angekufa njiani, ningejibu nini?

Tulifika. Walimpiga binti sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Daktari alitueleza kwamba sindano ile ina faida kama mimba haijavuka wiki thelathini na nne na kama mtoto atazaliwa mahali penye huduma, tena inahitaji muda ifanye kazi. Ndiyo maana kila saa ina thamani. Akajifungua kesho yake jioni. Mtoto wa kike, gramu 1,400. Pimeni wenyewe: paketi ya sukari ya kilo moja, uongeze kidogo.

Nilipomwona nilimwona yule wa mwaka 1991. Nikatafuta kwa macho yako wapi makaa. Nesi akaniambia, "Bibi, makaa hatutumii. Jiko ni kifua cha mama yake." Wakamvua mtoto, wakamwachia nepi, kofia na soksi, wakamweka katikati ya maziwa ya mama, ngozi kwa ngozi, wakamfunga kwa kanga. Wanaita njia ya kangaruu, kwa sababu yule mnyama wa Australia hubeba mwanawe mfukoni. Mchana na usiku mtoto yupo kifuani, mama analala ameinuka kidogo. Maziwa yalikamuliwa, mtoto akapewa kwa mpira mwembamba, baadaye kwa kikombe kidogo, mpaka alipopata nguvu ya kunyonya. Kila anayemshika ananawa kwanza. Kuogesha kulisubiri.

Wasije wakatokea watu wakasema hii ni tiba ya maskini. Ni kweli ilianzia kwenye shida. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona mashine za joto hazitoshi, watoto wanabanana humo na kuambukizana, akaanza kuwaweka kifuani mwa mama zao. Lakini mwaka 2021 ulitolewa utafiti uliofanywa katika hospitali za nchi tano, Tanzania yetu ikiwemo. Watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko wale waliosubirishwa kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaelekeza hivyo kwa nchi zote. Siku hizi hata nchi tajiri wanafanya.

Na kifua si lazima kiwe cha mama peke yake. Binti alipochoka alipokezana na mumewe. Mkwe wangu alivua shati akakaa na mtoto kifuani. Wazee waliokuja kutazama wagonjwa walicheka, mmoja akamwambia, "We kijana, umekuwa mama?" Akajibu, "Mzee, mimi ni baba, joto ninalo." Nilimheshimu sana siku ile. Zamu yangu nami ilifika. Nilikaa na kiumbe kile kifuani, nikisikia moyo wake unavyokwenda mbio kama wa kifaranga. Nililia. Si kwa ajili yake. Nililia kwa sababu mwaka 1991 kifua nilikuwa nacho, tena chenye joto, na hakuna aliyeniambia.

Tulikaa wiki tano. Tukarudi na mtoto wa kilo mbili kasoro. Leo yuko darasa la kwanza, na ndiye aliyewakabidhi maua wageni asubuhi. Mnamwona alivyo mtundu.

Ndugu wanachama, nesi alinifundisha mengine ambayo lazima niyaache hapa. Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla ya wiki thelathini na saba. Sababu ziko nyingi: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, presha, upungufu wa damu, mimba ya mapacha, msichana kubeba mimba akiwa mdogo mno, uzazi wa karibu karibu. Na mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Kwa hiyo kumnyooshea mama kidole si haki. Nilipomuuliza kuhusu ndoo yangu ya maji alinitazama akasema, "Bibi, huwezi kujua, na si kosa lako." Maneno hayo niliyasubiri miaka ishirini na saba.

Na ule msemo kwamba mtoto wa miezi saba huishi ila wa minane hufa, tuuache. Kila wiki mtoto anayoongeza tumboni inamsaidia. Tuwahi kliniki, tunywe dawa za SP, tulale ndani ya chandarua. Tukiona maji, damu, maumivu ya tumbo yanayokuja na kupita, kichwa kuuma sana au macho kuona giza, twende. Tusingoje asubuhi wala kumngoja mjomba arudi shamba. Na mtoto mdogo akiwa wa baridi, akikataa kunyonya, akibadilika rangi au pumzi ikikatika, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wengi wetu tunakumbuka kuanzia mwaka 2010 ule mpango wa Mtunze Mtoto Mchanga uliofika vijiji vya Newala na wilaya nyingine za Mtwara na Lindi. Watu wa kujitolea waliwatembelea wajawazito majumbani. Watafiti waliandika baadaye kwamba akina mama wengi zaidi waliwapa watoto maziwa ya mama tu katika siku tatu za mwanzo. Lakini vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua. Mimi nikifikiri kwa akili yangu ndogo, ninaona ushauri ni mzuri ila peke yake hautoshi. Hospitali iwe na watu na vifaa. Na mama awe na nauli ya kufika.

Hapo ndipo kikundi kinapoingia. Wiki tuliyorudi nililipeleka suala hili mkutanoni. Tulibishana mikutano mitatu. Wengine waliogopa wizi, na walikuwa na haki ya kuogopa. Mwishowe tukakubaliana: sehemu ya mfuko wa jamii ikae kwenye simu ya kikundi, namba ya siri wawe nayo wawili, wala Mwenyekiti asiwe mmoja wao. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, fedha itoke saa hiyo hiyo, maelezo yaletwe mkutano ufuatao. Anayeshika ufunguo akisafiri, auache kwa mtu aliyeandikwa daftarini. Hiyo ndiyo ibara mnayoiuliza. Imeandikwa na zile saa mbili.

Nimefurahi pia kusikia kwamba mwaka huu wa 2025 sheria ya kazi imebadilishwa, mama mwajiriwa akijifungua njiti aongezewe likizo mpaka zitimie wiki arobaini. Waliodai jambo hili walidai muda mrefu, akiwemo Doris Mollel, ambaye naye alizaliwa njiti. Tunawapongeza. Lakini sisi wa jembe, mihogo na korosho hatuna mwajiri wa kutupa likizo. Likizo yetu ni sisi kwa sisi. Mwenzio akiwa na njiti kifuani, mpalilie shamba, mtekee maji, mpelekee uji.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja: gari la wagonjwa likiwepo, liwe na mafuta usiku.

Cherehani yangu niliikomboa mwaka uliofuata. Ndiyo iliyoshona sare mnazoziona leo.

 Akina mama, hoyee!