Munganga wa lopitali ni wa nani? Maneno yetu mbele ya vijana wa Kisangani



Leo tunasema juu ya waganga wa lopitali zetu. Mimi sikusoma udaktari. Niko na diploma ya chuo kikuu na sina kazi, kama wengi wenu hapa. Lakini kila moja wetu iko na mama, iko na mtoto.

Munganga wa lopitali ya serikali si mfanyakazi wa lopitali ile. Ni mfanyakazi wa Serikali. Namba yake ya matrikule inatoka Kinshasa. Mshahara unatoka Kinshasa. Prime ya risque nayo, Kinshasa. Direkta wa lopitali anaweza kumupa kazi asubuhi na usiku, lakini hawezi kumuingiza kwenye liste ya malipo.

Sasa munganga mupya anakula nini wakati anangojea? Anakula franga ya mgonjwa. Malipo ya wagonjwa yanagawanywa kati ya dawa, mafuta ya jenereta na prime ya wafanyakazi. Njo maana mwanamke anazaa, anapona, lakini anazuiwa lopitali mpaka familia ilipe. Na waganga wakigoma, tunawatukana wao, tunasahau aliyewaajiri.

Kuna wenye kusema: basi kila lopitali iajiri waganga wake yenyewe. Tujiulize: kwa franga gani? Kama ni ya mgonjwa, tutakuwa tumebadilisha karatasi tu. Swali la kweli ni nani analipa.

Na sheria iko. Katiba ya 2006, artikle 47, inahakikisha haki ya afya. Artikle 204 inawapa majimbo uwezo wa kupanga waganga mahali pa kazi, kwa kufuata sheria ya taifa. Artikle 175 inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inashikwa palepale inapokusanywa. Tena Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kutia 15% ya bajeti katika afya.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

Moja, serikali ya jimbo la Tshopo itangaze hesabu ya waganga katika kila lopitali, toka Makiso mpaka Lubunga, na kwa teritware zote: wangapi wanalipwa na Serikali, wangapi bado.

Mbili, wabunge wa jimbo waulize kwa sauti 40% iko wapi, na watie mshahara wa waganga wasiolipwa katika bajeti ya jimbo.

Tatu, mgonjwa asizuiwe tena kwa sababu ya deni.

Hatutarusha jiwe hata moja. Tutaandika barua, tutapeleka, tutarudi kuuliza jibu. Munganga aliyelipwa na Serikali hana haja ya kumushika mama kama rehani.