GEORGE EASTHAM NA KARATASI YA MKATABA

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na kila mmoja ana karatasi ya somo mbele yake. Mwalimu, tafadhali andika neno moja ubaoni kwa herufi kubwa: MKATABA. Haya, someni pamoja: m-ka-ta-ba. Mkataba.

Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa kati ya watu wawili au zaidi. Kila mmoja huonyesha kwamba ameyakubali kwa kutia sahihi yake au alama ya dole gumba. Leo tutajifunza neno hili kwa habari za mchezaji mpira wa Kiingereza, jina lake George Eastham. Na wewe mama ambaye huna habari na mpira, usiondoke. Habari hizi ni za mtu na kazi yake, na kazi ni yetu sote.

George Eastham alizaliwa mwaka wa 1936 katika mji wa Blackpool, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, ambaye naye aliitwa George, alikuwa mchezaji hodari, hata akachezea timu ya taifa ya Uingereza mwaka wa 1935. Basi mtoto alirithi mguu wa baba. Alianza kazi ya mpira katika klabu ya Ards, huko Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa meneja na mchezaji wa klabu hiyo, na baba na mwana wakacheza katika timu moja. Mwaka wa 1956, kijana alipokuwa na umri wa miaka 19, alichukuliwa na klabu kubwa ya Newcastle United.

Eastham alikuwa mwembamba, wala hakutegemea nguvu za mwili. Siku zile mahali pake uwanjani paliitwa insaidi. Siku hizi tungemwita kiungo. Kiungo ni yule anayeunganisha walinzi wa nyuma na wafungaji wa mbele. Huupokea mpira, hutazama, kisha humpa mwenzake mahali panapofaa. Kazi hiyo Eastham aliijua vizuri sana.

Sasa tutazame malipo yake. Tangu mwaka wa 1901 ligi ya Uingereza ilikuwa na sheria kwamba mshahara wa mchezaji usipite kiasi fulani. Mwanzo kiasi hicho kilikuwa paundi 4 kwa juma. Kufika mwaka wa 1960 kilikuwa paundi 20 kwa juma wakati wa mashindano, na paundi 17 wakati wa mapumziko ya kiangazi. Hata kama watu maelfu walilipa kiingilio ili kumtazama mchezaji mmoja, klabu haikuruhusiwa kumwongeza.

Lakini jambo la mshahara halikuwa zito kama jambo la pili. Hapa nataka msome polepole, maana ndipo penye kiini cha somo.

Mchezaji wa Uingereza wakati ule alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mkataba wa kazi, na kwa kawaida huo ulikuwa wa mwaka mmoja. Ya pili ilikuwa hati ya kuandikishwa. Bila ya kuandikishwa na klabu, mchezaji hakuweza kucheza katika ligi. Mwaka ulipokwisha, mkataba wa kazi ulikwisha pia. Wewe na mimi tungesema: basi, mtu huyu sasa ni huru, na aende atakako. Sivyo! Hati ile ya pili ilibaki mikononi mwa klabu. Kila mwaka klabu ilitengeneza orodha ya majina ya wachezaji inaotaka kuwabakiza. Aliyeandikwa katika orodha hiyo hakuweza kuandikishwa na klabu nyingine ya ligi. Akikataa kutia sahihi mkataba mpya, hapati mshahara kwa klabu yake, na kwingine katika ligi hawezi kwenda. Angeweza kukaa hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka miguu yake ikazeeka.

Mwalimu, simama kidogo hapa. Waulize wanafunzi: mkataba umekwisha, mshahara umekwisha, lakini mtu bado amefungwa. Amefungwa na nini? Naam, amefungwa na ile karatasi ya pili. Wachezaji wengi waliuita mpango huu mkataba wa utumwa.

Eastham alikosana na klabu yake kwa mambo kadhaa. Alilalamika kuhusu nyumba aliyopewa na klabu. Alilalamika kuhusu kazi ya ziada aliyotafutiwa nje ya mpira. Tena kulikuwa na ugomvi juu ya kwenda kucheza katika timu ya taifa ya vijana. Mkataba wake ulipokwisha mwaka wa 1960, aliomba ahamishwe. Klabu ilikataa, ikaandika jina lake katika orodha ya wanaobakizwa.

Je, wewe ungefanya nini? Mkono mtupu haulambwi, wasema wazee. Wengi waliomtangulia walinung'unika nyumbani, kisha wakarudi na kutia sahihi, kwa sababu watoto wanataka kula. Eastham hakurudi. Aliondoka Newcastle, akasafiri kwenda kusini, katika jimbo la Surrey, akafanya kazi kwa rafiki yake ya kuuza koki, yaani lile gamba jepesi la mti linalotengenezwa vizibo vya chupa. Mchezaji wa miaka 23, katika umri ambao miguu ina nguvu zake zote, aliuza koki wakati wenzake wanajitayarisha kwa mashindano.

Kabla ya mwaka wa 1960 kwisha, klabu ililegea. Ilimwuza kwa Arsenal ya London kwa paundi 47,500. Mwezi wa Desemba alicheza mchezo wake wa kwanza huko, dhidi ya Bolton Wanderers, akafunga magoli mawili. Basi amepata alichokitaka: yuko London, anacheza mpira, analipwa. Angeweza kunyamaza.

Wakati huohuo wachezaji wote walikuwa wakidai haki zao kwa umoja. Chama chao kiliongozwa na mwenyekiti Jimmy Hill, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji wa Fulham, na katibu wake Cliff Lloyd. Wachezaji walikubaliana kwamba wasiposikilizwa watagoma. Mwezi wa Januari 1961 sheria ya kikomo cha mshahara iliondolewa. Haukupita muda, Johnny Haynes, mwenzake Hill katika klabu ya Fulham, akawa mchezaji wa kwanza kulipwa paundi 100 kwa juma.

Hata hivyo, ile karatasi ya pili ilibaki pale pale. Mshahara umepanda, lakini mlango bado umefungwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Chama kilitafuta mtu ambaye kesi yake ingeonyesha shida ya wote, na mtu huyo alikuwa George Eastham. Chama kikakubali kubeba gharama za mawakili. Eastham naye akakubali jina lake liandikwe juu ya madai, dhidi ya klabu yake ya zamani na wakubwa wa mpira wa nchi nzima.

Kesi ilisikilizwa katika Mahakama Kuu, London, mwaka wa 1963. Haifai kusikiliza upande mmoja tu, basi tusikilize zote mbili. Wakubwa wa mpira walisema: tukiwaacha wachezaji waende wapendako, klabu tajiri zitawachukua wote walio hodari, na klabu ndogo zitakufa. Hoja hii haikuwa ya kipuuzi. Upande wa wachezaji walisema: mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake asizuiliwe kutafuta kazi kwingine. Cliff Lloyd alitoa ushahidi akaeleza jinsi mpango ulivyowabana wachezaji.

Jaji aliitwa Richard Wilberforce. Jina hilo lina historia. Alikuwa wa ukoo wa William Wilberforce, yule mbunge wa Uingereza aliyepigana miaka mingi ili biashara ya watumwa ikomeshwe. Tarehe 4 Julai 1963 alitoa hukumu. Alisema kwamba kumzuia mchezaji namna ile baada ya mkataba wake kwisha, pamoja na kudai fedha za uhamisho juu yake, ni kumfungia mtu njia ya kazi yake kupita kiasi kinachostahili. Hoja ya kulinda klabu ndogo aliisikia, lakini hakuona kwamba inatosha kuhalalisha kifungo kile.

Je, Eastham alipata nini mfukoni? Ule mshahara wa miezi aliyokaa bila kucheza hakupewa, kwa kuwa alikuwa amekataa kuichezea klabu. Faida kubwa ilikwenda kwa wengine. Baada ya hukumu, sheria za ligi zilibadilishwa. Klabu iliyotaka kumbakiza mchezaji ilipaswa kumpa mkataba mpya usio duni kuliko ule wa kwanza, la sivyo aende zake. Uhuru kamili haukuja siku ile. Ulikuja kidogo kidogo. Mwaka wa 1995 mchezaji Mbelgiji, Jean-Marc Bosman, alishinda kesi katika mahakama ya Ulaya. Tangu hapo mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya aliyemaliza mkataba wake aliweza kuhamia klabu ya nchi nyingine ya umoja huo bila kudaiwa fedha za uhamisho.

Wako waliofikiri kwamba mtu akienda mahakamani kudai haki, kazi yake imekwisha. Tazameni ilivyokuwa. Mwaka uleule wa 1963 Eastham aliitwa katika timu ya taifa, akaichezea mara 19. Alikuwa katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka wa 1966, ingawa hakucheza hata mchezo mmoja. Siku zile wachezaji 11 tu waliocheza fainali ndio waliopewa medali. Waliosalia walipewa zao mwaka wa 2009, na Eastham alikuwa na umri wa miaka 72.

Mwaka huo wa 1966 alihamia Stoke City. Klabu hiyo ilikuwa ya zamani sana, lakini haikuwahi kutwaa kombe kubwa. Mwezi wa Machi 1972 ilifika fainali ya Kombe la Ligi katika uwanja wa Wembley, dhidi ya Chelsea. Mambo yalikuwa goli moja kwa moja. Aliyefunga goli la ushindi alikuwa mzee wa timu, George Eastham, mwenye umri wa miaka 35. Mwaka uliofuata alipewa nishani ya serikali kwa huduma yake katika mpira. Baadaye alikuwa meneja wa Stoke kwa muda mfupi. Mwaka wa 1978 akahamia Afrika Kusini, nchi ambayo wakati ule ilitawaliwa kwa ubaguzi wa rangi. Aliupinga ubaguzi huo, na akawafundisha mpira watoto Waafrika. Alifariki mwezi wa Desemba 2024, akiwa na miaka 88.

Sasa, ndugu zangu, tuache Uingereza, tutazame karatasi zetu wenyewe. Kila mmoja wenu ataletewa karatasi siku moja: ya kazi, ya mkopo, ya kupanga nyumba, ya kuuza mazao. Pengine mwenye karatasi atakuwa na haraka, atakuonyesha mahali pa kutia sahihi na kukuambia kwamba mengine si muhimu. Majuto ni mjukuu. Kabla hujashika kalamu, itafute majibu ya maswali manne:

1. Nimekubali kufanya nini, au kutoa nini?
2. Nitalipwa kiasi gani, na lini?
3. Mkataba unaanza siku gani, na unakwisha siku gani?
4. Ukisha kwisha, je, mimi ni huru, au bado kuna kitu kinachonifunga?

Swali la nne ndilo husahauliwa na wengi, na ndilo lililowafunga wachezaji wa Uingereza kwa miaka mingi. Kama huelewi neno, uliza. Kama bado huelewi, omba upewe karatasi ukaisome nyumbani, au umpelekee mtu unayemwamini. Na ukisha kutia sahihi, daima baki na nakala yako.

Mwalimu, yafuatayo ni ya kuzungumza darasani baada ya kipindi:

Kwa nini Eastham hakuweza kucheza katika klabu nyingine ijapokuwa mkataba wake ulikwisha?
Hoja ya wenye klabu ilikuwa nini? Wewe unaionaje?
Je, Eastham angeweza kushinda bila ya chama cha wachezaji?
Mwenye mkataba wowote nyumbani aulete darasani juma lijalo, kama hauna siri. Tutatafuta pamoja majibu ya maswali manne.

Kwa kuandika: kila mwanafunzi aandike sahihi yake mara tano, na chini yake aandike sentensi hii: Nimesoma, nimeelewa, ndipo nikatia sahihi.

Someni salama. Kwaherini mpaka juma lijalo.