Taa ya 1992 Ilikwenda Wapi?



Kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa Desemba 1991, Mwai Kibaki aliihama KANU na kuanzisha chama cha DP. Kilikuwa chama cha wafanyabiashara na wakubwa wa zamani serikalini, chenye kupenda soko huria kuliko mapinduzi. Walalahoi hawakuwa wenyeji wake, lakini Kibwezi ilikiamini. Mwaka 1992 ilimtuma Agnes Ndetei Bungeni kwa alama ya taa, kama Kitui ya Kati ilivyomtuma Charity Ngilu.

Mwaka 2002 DP iliingia NARC. Mwaka 2007 Kibaki, akiwa Rais, alitetea kiti chake kwa PNU, jina lililozaliwa takribani miezi mitatu kabla ya kura. DP haikufa, ilisalia na cheti chake, na mwaka 2022 kiongozi wake alikuwa Justin Muturi.

Sipingi miungano. Ule wa 2002 ndio ulioiondoa KANU madarakani, nasi tulishangilia. Ninachokilaumu ni kwamba PNU ilipikwa na vigogo Nairobi, na mwenye kadi ya DP huku akaisikia redioni.

Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 hutaka mabadiliko ya jina yafikishwe kwa Msajili, naye ayatangaze katika Gazeti Rasmi. Basi wakija na kofia za rangi mpya, waulizeni: mkutano uliopitisha jina hili ulifanyika lini, na mjumbe wa Kibwezi alikuwa nani?