Mchezo wa Roboti na Njia ya Wapagazi

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tabora)



Nimepewa robo saa nizungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mmekwisha kuliita upuuzi, yaani michezo ya kompyuta. Jioni hii tutaombwa kuamua kama kompyuta tunazokusudia kuichangia shule zipigwe marufuku michezo yote. Mimi napinga. Na ili nisionekane natafuta njia nyepesi, nitautetea mchezo ambao wazee wangeukataa kabla ya yote: mchezo wa ugomvi, tena ugomvi wa majitu ya chuma.

Unaitwa One Must Fall 2097. Ulitoka Marekani mwaka 1994, umetungwa na Diversions Entertainment na kutolewa na kampuni ya Epic MegaGames. Roboti mbili kubwa mno husimama uso kwa uso na kupigana ngumi na mateke hadi moja ianguke. Mtindo wenyewe ulitoka katika mashine za kutia sarafu zilizojaa kumbi za starehe za Japani na Marekani, na Street Fighter II ya mwaka 1991 ndiyo iliyoupa sifa dunia nzima. Wengi wetu hatukuziona mashine hizo ujanani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, na Tanzania Bara ilipata vituo vya televisheni mwaka ule ule wa 1994 mchezo huu ulipotoka. Sisi jioni tulikuwa na mpira, mdahalo na foleni ya maharage.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Roboti si neno la mafundi. Lilitoka katika tamthilia ya Mcheki Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920, na mzizi wake ni robota, maana yake kazi ya kulazimishwa. Wazee wetu walikuwa na neno lake kamili: shokoa. Kwa hiyo mtoto anapotamka roboti anatamka shokoa bila kujua, na sidhani kama kuna mji wenye haki ya kulisikia neno hilo kuliko Tabora.

Lakini hapa tuwe waangalifu. Nimesikia watu wakisema mpagazi wa zamani alikuwa punda wa Waarabu na Wazungu. Si kweli, na inaniudhi. Katika misafara ya karne ya 19, Mnyamwezi aliyeshuka Bagamoyo na mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, alikuwa mfanyakazi wa ujira. Alipatana malipo yake kwa nguo, alidai posho, na kirangozi aliyetangulia mbele alikuwa mtu wa heshima. Wakipunjwa, walitua mizigo chini wakakaa, na tajiri hakuwa na la kufanya porini ila kuongea nao vizuri. Mashine haitui mzigo.

Shokoa ilikuja kushamiri baadaye. Katika vita vya 1914 hadi 1918 kila upande ulikamata wanaume kwa maelfu wabebe risasi na chakula. Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916, na Waingereza walipoendelea kusini, nyuma yao walikuwako watu waliokufa kwa njaa na kuhara kuliko waliokufa kwa risasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao wa Waingereza. Hapo ndipo mtu alipogeuzwa roboti, na wala hakukuwa na umeme.

Nirudi kwenye mchezo. Roboti zake haziendi zenyewe. Kila moja inaongozwa na mtu. Kuna marubani kumi na roboti kumi za kuchagua, na mchezaji hujifunza haraka kwamba roboti nzuri mkononi mwa rubani mzembe haifui dafu. Anayechagua mashindano marefu hupata fedha kila anaposhinda, na kwa fedha hizo atengeneze yaliyovunjika, kisha aongeze nguvu za mikono, miguu na ngao. Asiyepiga hesabu hafiki mbali. Mwalimu wa hisabati aliyeko hapa ataona faida yake kuliko mimi.

Na hadithi yake? Kampuni moja kubwa inawapiganisha watu wake, na zawadi ni utawala wa Dunia. Kijana wa Amerika huiona ni ndoto ya mwaka 2097. Sisi tunayo tarehe yake. Februari 1885 Kaiser wa Ujerumani aliipa kampuni ya Carl Peters hati ya kutawala nchi za watu ambao hawakuulizwa, na hadi 1891 sehemu ya nchi yetu ilikuwa mali ya kampuni. Wajerumani walipofika kumaliza kazi hapa Unyanyembe, Mtemi Isike alipigana nao, na Januari 1893 boma lake lilipovunjwa aliwasha ghala la baruti akiwa ndani. Kijana aliyecheza mchezo ule usiku, asubuhi akifundishwa habari za Isike, hatasinzia darasani.

Kuhusu gharama, mfuko wetu hautatoa hata senti. Mwaka 1999 wenyewe waliutoa mchezo bure. Isitoshe, wapenzi wake wanaujenga upya kwa jina la OpenOMF, na maandishi ya programu hiyo yako wazi kwa kila anayetaka kuyasoma. Huo ndio utamu ninaoutaka kwa vijana: wafungue wauone mtambo ndani. Napendekeza basi Jumamosi mchana, saa mbili, chini ya mwalimu, na atakayecheza wiki hii aeleze wiki ijayo namna pigo moja linavyokokotolewa.

Ndugu mmoja ameniuliza pembeni, je, wakitunga mchezo wao wenyewe utakuwaje? Sijui watachagua nini; pengine Mirambo na rugaruga wake, maana vijana hupenda vishindo. Wakiniuliza mimi, nitaomba msafara wa kutoka Tabora hadi pwani, na kitufe kimoja ambacho Wamarekani hawakukiweka: cha kutua mzigo.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.