Nyapara Yuko Upande Gani?



Watu huuliza: sajini wa polisi ni mwenzao askari, au yuko upande wa mwajiri? Kwetu swali hilo limefungwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiwahusu polisi, wakubwa kwa wadogo.

Lakini yamhusu nyapara wa chai, Mufindi na Tukuyu. Sheria inamkataza kuingia katika chama cha wadogo wake yule mkubwa tu anayetunga sera za mwajiri, mwenye mamlaka ya kufunga mkataba wa pamoja. Je, nyapara apimaye majani anafanya hayo?

Mtasema, ndiye anayetuandika utoro. Kweli, lakini anaandika kwa amri ya mwingine, na mshahara wake hupangwa na mwingine.

Tena, chama hutambuliwa kikiwa na wengi katika kundi linalojadiliwa. Nyapara akihesabiwa kundini, naye hana kadi, hesabu inatupungukia sisi.

Ndugu zangu, polisi wamewekwa nje na sheria. Nyapara asiwekwe nje na chuki yetu. Mwiteni mkutanoni.