Simu Kifuani

Msikilizaji, ukiigeuza simu yako, picha nayo hugeuka. Ndani mna vihisi-mwendo, vidude vidogo vinavyojua simu imeinama au imetikisika.

Sasa sikiliza. Moyo nao hutikisa. Kila pigo hukitikisa kifua, kidogo mno, hata wewe mwenyewe huwezi kuhisi. Lakini kihisi-mwendo hukihisi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku, nchini Ufini, waliwalaza wagonjwa chali, wakawawekea simu kifuani. Hakuna sindano, hakuna waya. Simu ikasoma mtikisiko wa kifua, programu ikautambua moyo unaopiga ovyo ovyo. Mapigo ya namna hiyo yanaweza kugandisha damu moyoni. Bonge la damu likifika kwenye ubongo, ni kiharusi.

Lakini simu haitibu. Na programu nyingine zinazojiita za moyo ni biashara tu, hazijapimwa na wataalamu.

Wewe fanya hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Fuatilia mapigo kwa dakika moja. Yakirukaruka, nenda kituo cha afya, uombe kipimo cha umeme wa moyo. Kifua kikibana au pumzi zikikata, usipime chochote. Wahi hospitali sasa hivi.